Chini ya Meza

Kiuno kilinifungia mlango Jumanne,
saa nne kasoro, hapa Majengo,
nilipoinama kuokota kifungo.
Si gunia la mahindi. Si tofali.
Kifungo cha shati la shule, cheupe, cha matundu manne.

Nikabaki nimekunjika
kama suruali iliyopigwa pasi na mtoto,
na Mama Ndeshi mlangoni akadhani namwamkia:
"Marahaba, fundi, marahaba."

Aikande akanishusha sakafuni taratibu,
ubavu kwanza, mgongo baadaye,
vigimbi vyangu akaviweka juu ya stuli,
nikawa mtu aliyekaa kitini
huku kiti na yeye vimeanguka.
Kabla ya pole aliuliza:
"Miguu inakufa ganzi? Mkojo unaubana?
Maana hayo mawili hayana dawa ya nyumbani,
hayo ni kukodi gari, KCMC, sasa hivi."
Naubana, nikasema.
"Basi wewe bado ni wangu." Akaenda kuchemsha maji.

Miaka sita alifagia wodi ya mifupa.
Anayoyajua hakuyasomea, aliyafagia.
Chupa ya maji moto akaivika kanga
ngozi isiungue; robo saa, akaiondoa.
Kesho yake hakuwa na huruma tena:
"Inuka. Geukia ubavu, sukuma kwa mkono.
Ukilala wiki nzima, mgongo utasahau kazi yake."
Nikatembea hadi bomba la jirani na kurudi,
mwendo wa kinyonga mwenye deni.
Jioni nikaenda tena.

Lakini ni ile siku ya kwanza ninayotaka kuisema,
yeye jikoni, mimi chali.

Meza yangu ya kukatia ni ya mringaringa,
kazi ya baba, Eliamringi, seremala wa Kiborloni.
Miaka thelathini na mmoja naikatia nguo juu,
tumbo lake sikuwahi kuliona.
Kuna utando wa buibui. Kuna gundi iliyochuruzika ikaganda.
Na kuna penseli, ile penseli yake nene:
vijistari vinne, cha tano kikivikata,
mafungu matatu namna hiyo, na viwili pembeni.
Siku kumi na saba.
Chini yake, herufi zimepinda
kama za mtu aliyeandika mkono ukiwa juu:
LEO NIMEGEUKA MWENYEWE.

Ilikuwa masika, nilikuwa darasa la sita.
Mama alisema, "Baba yako amechoka," akafunga mlango.
Shuleni waliponiuliza mbona seremala haonekani
nilisema ni mbege.
Mbege ilieleweka.
Mgongo ningeuelezaje, mtoto ambaye hata viatu
nilivaa kwa kuinama tu, bila kufikiri?

Aikande aliporudi na chupa alikuta nalia.
"Inauma hivyo?"
Nikasema, inauma.

Siku hizi ndoo naikumbatia kabla ya kuinyanyua,
magoti ndiyo yanayoshuka, si kichwa.
Nyuma ya kiuno, kitini, nina kitenge nilichokiviringisha.
Kila bobini ikiisha nasimama,
natoka hadi barazani, nahesabu pikipiki kumi,
narudi. Wateja wananung'unika. Wanunung'unike;
suruali inayochelewa bado ni suruali.

Na asubuhi, kabla ya chai,
nalala chali, goti moja kifuani,
kisha la pili, kisha nainua nyonga kidogo,
naihesabia kumi, naishusha.
Jana nilihesabu huku nafuata vijistari kwa macho.
Penseli ilikuwa sikioni. Sikuongeza kitu.

"Barazani kuna nafasi," Aikande ananiambia,
"kuna na mwanga. Kwa nini ujibane chini ya meza
kama paka mwenye homa?"

Namwambia nje kuna baridi.